Breki na Mvua ya Mwaka

Breki ya kwanza niliyoijua maishani ilikuwa kipande cha tairi. Baba yangu alikuwa hamali, akivuta mkokoteni, na nyuma ya mkokoteni ule, chini ya ubao wa mwisho, alipigilia kipande cha tairi kuukuu la lori, upana wa kiganja na urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko. Mkokoteni ukienda sawa, kipande kinaning'inia tu. Ukifika mteremko, baba huinua mipini juu mpaka usawa wa uso wake, nyuma ya mkokoteni ikashuka, tairi likaburura lami na mzigo ukatulia. Hapakuwa na waya wala springi. Mikokoteni ya Mombasa ingali hivyo hadi leo. Ukisimama kwenye njia ya kuteremkia feri ya Likoni utaiona mipini ikipanda juu, na utaisikia raba ikilia.

Siku ya mvua baba alikuwa mtu mwingine. Hateremki peke yake. Atatafuta mwenziwe amshikie kwa kamba nyuma. Akikosa mtu, huutoa mkokoteni kwenye lami akaupitisha pembeni, penye changarawe na mchanga, hata kama magurudumu yatazama na kumtoa jasho. Nilikuwa na miaka minane au tisa nilipomuuliza mbona aacha lami nzuri akapita matopeni. Akanijibu bila kugeuka: "Maji yameingia katikati, mwanangu. Raba haiioni ndia."

Nimefanya kazi ya breki zaidi ya miaka arobaini, nimesoma vitabu vyake, nimekaa na mainjinia wa bandarini, na sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo. Breki yoyote, iwe ya mkokoteni au ya lori la magurudumu ishirini na mawili, ni vitu viwili vinavyosuguana. Maji yakiingia katikati yao, kila kimoja kinasugua maji badala ya kumsugua mwenziwe.

Naandika haya nikiwa Magogoni, Kisauni, bara ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, mahali nilipozaliwa na nilipolea wanangu. Hapa mvua ya mwaka hutupiga kuanzia Aprili mpaka Juni, na Mei ndio mwezi wake wenyewe. Vuli huja Oktoba na Novemba. Na baina ya mvua mbili hizo kuna unyevu wa bahari usiokwenda likizo: chumvi kwenye upepo, kutu kwenye bati, ukungu kwenye nguo za kabatini. Mtu wa Nairobi hukumbuka breki na maji siku za mvua peke yake. Fundi wa Mombasa anaishi na jambo hilo mwaka mzima, na mji huu umekuwa nalo tangu zamani kuliko watu wanavyodhani.

Kabla magari ya petroli hayajaenea, Mombasa ilikuwa na toroli. Mwaka 1890 ile kampuni ya Waingereza iliyoitwa Imperial British East Africa Company ilianza kutandika reli nyembamba upande wa bara, upana wa futi mbili, ikitumaini kwenda nayo mpaka Ziwa Viktoria. Ilikwenda maili chache tu. Vyuma viling'olewa baadaye, vikaja kutandikwa kisiwani, na juu yake vikapita vibehewa vidogo vyenye kiti na paa la turubai, vikisukumwa na vijana waliokimbia nyuma kwa miguu. Penye mwinuko walisukuma, penye mteremko walirukia juu wakashika breki. Toroli hizo zilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Fundi aliyenifundisha kazi, ambaye nitamwita Ami kwa sababu ndivyo nilivyomwita mpaka alipofariki, alisimuliwa na babake habari za vijana wa toroli. Mvua ikinyesha, alisema, walioheshimiwa zaidi ni wale waliojua kushika breki kwa kuachia na kubana, kuachia na kubana. Gurudumu la chuma juu ya reli iliyolowa unaweza kulibana lisizunguke kabisa, na toroli ikaendelea kuteleza na abiria wake kama samaki kwenye sinia. Garimoshi za mvuke za reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, zilibeba mchanga mkavu kwenye kisanduku, ukimwagwa juu ya reli mbele ya magurudumu ili yashike. Baba yangu hakujua habari ya kisanduku kile, lakini changarawe yake na mchanga wa garimoshi ni dawa moja.

Sisi wa Kisauni tulitengwa na mji na mkono wa bahari. Tangu 1931 tulivuka kwa daraja la Nyali la zamani, lile lililoelea juu ya maboya, na tulilipa ushuru kulivuka. Bahari ikijaa, daraja lilipanda nayo na njia ya kuingilia ikawa karibu sawa. Bahari ikipwa, daraja lilishuka na njia ikawa mteremko. Mimi nilivuka kila siku kwa baiskeli kuanzia 1974, nilipoanza kazi nikiwa na miaka kumi na sita, mpaka daraja hili la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Kwa hiyo nilijua mateso ya breki ya mvua kama mwendeshaji kabla sijayajua kama fundi.

Baiskeli yenyewe ndiyo ile nyeusi nzito iliyoitwa Black Mamba. Za kwanza zilikuwa Raleigh za Uingereza, kisha zikaja Hero na Atlas za India. Breki zake ni za vyuma: ukibana mpini, chuma kirefu kinavuta upinde mdogo juu, na raba mbili zinagusa ringi kwa ndani. Ringi ni ya chuma iliyopakwa chromi, inang'aa kama kioo. Jua likiwaka, breki ile inatosha kabisa. Ringi ikilowa, unabana mpaka vidole vinauma na baiskeli haina habari. Raba lazima kwanza ipanguse maji, na mzunguko mmoja wa gurudumu la inchi 28 ni mita mbili na kitu. Raba haimalizi kazi ya kupangusa kwa mzunguko mmoja, na wakati huo mvua inazidi kuilowesha ringi. Ukienda kilomita 20 kwa saa unakula mita tano na nusu kila sekunde. Piga hesabu mwenyewe umefika wapi kabla chuma hakijaanza kushikwa.

Wachukuzi wa samaki na wa mnazi waliopita na baiskeli zao alfajiri walilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mtu ana madumu mawili nyuma na kikapu mbele, uzito wa mtu mwingine mzima. Nilikuwa nikiwafuata niwaone. Mvua ikianza tu, mtu anaanza kubana breki kidogo kidogo, mapema, hata mahali pasipo na mteremko wala gari, raba ikizidi kulamba ringi. Akifika penye haja, ringi imekwisha panguswa. Na breki ikikataa kabisa, anatoa mguu kwenye pedali na kuukanyagia tairi la nyuma kwa ndara. Ndara za wachukuzi wa mnazi zilikuwa na mfereji katikati ya soli, alama ya tairi.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Herbert Frood, Mwingereza wa Derbyshire. Husimuliwa kwamba aliona waendesha magari ya farasi wakipigilia ngozi ya viatu vikuukuu kwenye magogo ya breki wakiteremka milima ya kwao, akafikiri kitu bora zaidi chaweza kutengenezwa. Mwaka 1897 alianza kazi hiyo, na kutokana na jina lake likapatikana jina Ferodo, ambalo kila fundi wa umri wangu amelisoma kwenye boksi. Nilipomaliza kusoma nilikumbuka ndara za Kisauni. Utamaduni wote wa lainingi za dunia ulianza na kiatu cha mtu maskini aliyeogopa mteremko.

Na lainingi, lile bamba la kusugua linalopigiliwa juu ya kiatu cha breki, ndiyo iliyonipa riziki.

Gereji ya Ami ilikuwa kisiwani, mtaa wa Majengo, chini ya bati moja refu. Siku hizo kiatu cha breki hakikutupwa. Lainingi ikiisha, kiatu kililetwa kwetu, tukaitoa iliyokwisha na kupiga mpya. Unakibana kiatu kwenye jiriwa. Kwa tindo unakata vichwa vya ribiti za zamani, unazitoa, unasugua chuma kwa msasa mpaka kiwe cheupe. Unalaza lainingi mpya juu yake, unatoboa kwa keekee, na kila tundu unalipanua mdomo ili kichwa cha ribiti kizame ndani kisije kikakwaruza dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Kisha unapiga ribiti za shaba, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Unaanza katikati ya kiatu, unakwenda ukingoni upande huu, unarudi katikati, unakwenda upande wa pili. Ukianzia ukingoni, lainingi itafura katikati kama chapati, na chini yake patakaa uwazi usioonekana kwa macho.

Ami alikuwa na kipimo. Alichukua karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile nyembamba yenye fedha, akajaribu kuiingiza baina ya lainingi na chuma, kuzunguka kiatu chote. Ikipenya popote, hata upana wa ukucha, hakusema neno. Alikirudisha kiatu kwenye jiriwa mbele yako na kukupa tindo. Mwezi wangu wa kwanza nilivikata viatu vyangu vyote nikaanza upya.

Ilipofika Machi, kabla ya mvua ya mwaka, palikuwa na kazi ya ziada. Kwa msumeno wa chuma tulichora kila lainingi mifereji miwili ya mshazari, isiyozidi nusu ya unene wake. Ami aliiita milango ya maji. Lainingi ikikutana na dramu, maji yaliyo katikati yanahitaji pa kutokea. Yakiwa na mlango yatatoka, na yakikosa yatakaa pale pale. Tajiri wa gari aliyekuwa na haraka alituambia tuache mambo hayo. Ami alimrudishia ufunguo wake.

Lazima niseme na hili, kwa kuwa sitaki mtu aione kazi ile kuwa tamu tupu. Zile lainingi zilikuwa na asbesto. Tulizipiga tupa tukiwa kifua wazi, tukipuliza vumbi kwa mdomo, na vumbi lile likatua kwenye chai yetu. Leo dunia nzima inajua vumbi la asbesto linavyoharibu mapafu. Sisi hatukuambiwa na mtu. Wenzangu wa bati lile nimewazika karibu wote, na siwezi kukumbuka harufu ya kazi ile bila kuwakumbuka wao.

Sasa niwaeleze siku niliyoelewa kazi yangu. Ilikuwa Mei 1979. Tangu Rais Kenyatta aliporuhusu matatu mwaka 1973 zifanye kazi bila ile leseni ya zamani, pikapu za mabenchi zilikuwa zimejaa njia ya Kisauni, na nyingi zilikuja kwetu. Ami alinipa moja niifanye peke yangu, magurudumu yote manne, mara ya kwanza. Nilimaliza saa sita mchana. Karatasi ya sigara haikupenya popote. Dereva aliijaribu, akasimama papo hapo, akanipa mkono.

Alasiri mvua ikashuka, ile mvua ya Mei isiyo na matone, maji yanamwagwa tu. Kabla ya magharibi dereva alirudi amelowa, anatetemeka kwa hasira. Alikuwa amevuka maji yaliyofika nusu ya gurudumu, akatoka upande wa pili, akaongeza mwendo, na mbele mtu akamsimamisha. Alikanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu kama kawaida na gari halikupunguza. Liliingia kwenye banda la mama wa mahamri. Mungu alisaidia mama alikuwa ameingia ndani kujikinga mvua. Karai la mafuta lilipinduka, unga ukalowa, na nguzo mbili zikaanguka.

Sikuwa na la kusema. Nilijua nimekaribia kuua mtu na Mungu amenisamehe. Ami hakuuliza swali. Alipandisha gari jeki, akatoa gurudumu la mbele, akaivuta dramu taratibu. Maji ya rangi ya chai yakamwagika, yakamteremkia mkononi mpaka ndani ya mkono wa shati. Alikichukua kidole gumba changu akakibonyeza kwenye lainingi niliyoipiga asubuhi. Ilikuwa na utelezi wa mlenda. Kisha akatoa karatasi yake ya sigara, akazunguka kiatu chote, na haikupenya.

Akairudisha dramu bila kuipangusa, nikastaajabu. Akamwambia dereva aendeshe polepole kwenda na kurudi mbele ya gereji, mguu mmoja kwenye mafuta na mwingine ukigusa breki kidogo tu. Mara ya kwanza gari halikujibu. Mara ya pili na ya tatu lilivuta kulia. Mara ya nne au ya tano likasimama kama lilivyosimama saa sita. Kwenye dramu za mbele mvuke mdogo ulikuwa unatoka.

Usiku ule, tukila, ndipo aliponifafanulia. Dramu ni sufuria iliyofunikwa. Vumbi haliingii kwa urahisi, na huo ndio uzuri wake, lakini maji yakishaingia hayana njia ya haraka ya kutoka. Kinachoyatoa ni joto, na joto linatokana na kusugua. Tena viatu vya breki vina tabia yao: kile kinachotangulia kwenye mzunguko hujivuta chenyewe ndani ya dramu, kama mtu anayesukuma mlango na mlango ukamvuta. Kwa hiyo lainingi kavu inapata nguvu nyingi kuliko mguu wako. Ikilowa, unapoteza msuguano wake na pia ule msaada wa kujivuta, vyote kwa pamoja, na ndiyo sababu dereva huona breki zimekatika ghafla badala ya kupungua. Na magurudumu hayakauki sawasawa. La kushoto likiwa bado limelowa na la kulia limekauka, gari huvuta kulia, na dereva asiyejua hurudi gereji kudai fundi amemharibia.

Asubuhi Ami alimwambia dereva mbele yangu: "Kazi ya mtoto nzuri. Wewe ndiwe hukuzikausha." Halafu akanipa shilingi nimpelekee mama wa mahamri, na mbao mbili za nguzo. Dereva naye akatoa yake.

Baada ya hapo niliyaona maji kila mahali. Niliyaona kwenye mafuta ya breki, ambako watu hawayatafuti. Mafuta hayo, haya ya kawaida yanayoitwa DOT 3 na DOT 4, yanakunywa unyevu wa hewa polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. DOT 3 iliyo mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishakunywa maji asilimia tatu na nukta saba tu, kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 inatoka 230 mpaka 155. Sasa lichukue gari linalotoka bara, limeshehena, linateremka Mazeras kuja Miritini na Changamwe, dereva anakanyaga breki njia nzima. Joto linapanda, maji yaliyojificha kwenye mafuta yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inazama mpaka sakafuni. Kwenye hewa yetu ya chumvi mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, nami nimefungua magari ambayo hayakuguswa miaka kumi, mafuta meusi kama kahawa ya mkorogo. Zaidi ya mara moja nimekuta maji ya sabuni. Aliyeyatia alikuwa amekwama njiani na akaahidi moyoni kubadilisha akifika mjini.

Lori la breki za upepo nalo lina maji yake. Upepo ukishindiliwa kwenye tangi, unyevu wake unageuka maji na kutulia chini. Utingo wa zamani alikuwa na desturi ya kufungua koki kila asubuhi na kuyamwaga kabla ya kuanza safari, na katika hewa ya Mombasa yanatoka mengi kweli. Ni huyo utingo aliyekuwa pia akishuka na gogo mkononi kulitia nyuma ya gurudumu kila lori likisimama kwenye mwinuko. Sisi watoto wa Magogoni tulitaniwa mjini kwamba kwetu ndiko magogo ya mautingo yanakotoka.

Kisha zikaja breki za diski. Dunia ilikuwa nazo zamani; Frederick Lanchester aliandikisha yake Uingereza mwaka 1902, na Jaguar ilishinda nazo mashindano ya Le Mans mwaka 1953. Kwetu Kisauni zilienea kwa wingi na magari ya mitumba kutoka Japani yaliyoshushwa bandari ya Kilindini miaka ya 1990. Diski iko wazi. Inazunguka na kuyatupa maji nje, na padi inapangusa yaliyobaki, hivyo ikilowa inarudi kwenye hali yake kwa muda mfupi sana. Mvua za El Niño mwishoni mwa 1997 zilinithibitishia: magari yaliyoletwa kwangu kwa kukosa breki baada ya kuvuka maji yalikuwa karibu yote ya dramu mbele na nyuma.

Lakini muda mfupi si bure. Gari la kilomita 60 kwa saa linakwenda karibu mita kumi na saba kwa sekunde moja, na nusu sekunde ya padi kupangusa diski inamtosha mtoto anayevuka. Tena diski ya pwani inapata kutu kwa usiku mmoja. Ukilitazama gari asubuhi utaiona nyekundu, na breki za kwanza zitakwaruza. Dramu nayo hushika kwa ukali asubuhi ya unyevu, gari likaruka kama punda aliyeshtushwa. Na magari mengi mnayoyaita ya diski yana dramu nyuma, Probox ikiwa mojawapo.

Diski na viatu vya dukani ndivyo vilivyoimaliza kazi ya kupiga lainingi. Kiatu kipya cha kutoka nje kilikuja na lainingi yake imegandishwa kwa gundi, bei ikawa chini ya mkono wangu, na kufikia miaka ya 2000 sikupata hata kiatu kimoja kwa wiki. Silalamiki. Gundi nzuri haina uwazi wa kuingiza karatasi, na vumbi la asbesto silipulizi tena. Kilichoniuma ni kwamba fundi alipoondoka aliondoka na maneno. Dereva aliyeketi kwenye benchi letu akisubiri kiatu chake alisikia habari za maji, milango na kukausha. Anayenunua kiatu kwenye boksi hasikii chochote.

Na ndipo walipokuja vijana wa boda. Serikali iliondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008, na kwa muda mfupi Magogoni yote ikawa na pikipiki. Nazipenda. Zimewapeleka wajawazito hospitali usiku wa manane, zimewapa riziki watoto niliowaona wakizaliwa. Pikipiki nyingi za boda hapa zina dramu mbele na nyuma, na tuktuk ina dramu kwenye magurudumu yake yote matatu. Yaani ni breki ile ile ya pikapu yangu ya 1979, sufuria ile ile iliyofunikwa, na imebeba watu watatu ikivuka dimbwi la Mei. Aliyeinunua hakuambiwa. Jirani yangu mmoja, kijana wa miaka ishirini na mbili, alivuka maji akiwa na mteja, akaongeza mwendo, akakuta tuktuk imesimama. Aliniambia hospitalini, mguu umefungwa chuma: "Babu, breki zilikatika." Hazikukatika. Nilikwenda kuiona pikipiki yake siku ya pili, imekauka, na breki zake zilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayeendesha pikipiki, tuktuk au gari lolote njia zetu za Kisauni. Ukiweza kulikwepa dimbwi, likwepe. Ukilazimika, vuka polepole. Ukitoka upande wa pili usiongeze mwendo: gusa breki kidogo, shikilia, endelea taratibu mpaka usikie zinakushika, na zikushike pande zote sawa. Haikuchukui hata dakika moja. Fanya hivyo hata ukiosha pikipiki.

Kopo la ribiti za shaba la Ami ninalo bado, pamoja na tindo na keekee yake. Kila Jumamosi asubuhi nakaa chini ya mwembe wangu hapa Magogoni. Anayetaka kufunguliwa dramu aone ndani mwake kulivyo aje, hatoi hata senti, na aje kabla ya Aprili.